Chuma Ndani ya Mbegu za Maharagwe

Byamungu,

Begi yako nimeifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Sasa hakuna kilichobaki cha kufunga. Wewe umelala huko chumbani, au unajifanya umelala ili nisiingie kukuuliza kama umeshiba. Nimeketi mezani, simu nimeisimamisha ndani ya glasi inimulike, maana umeme umeenda tangu jioni. Karatasi hizi ni za daftari lako la mwaka wa sita, zile za nyuma ulizoacha nyeupe. Usinikasirikie, hukuwa unazitumia.

Habari ya soksi, ya baridi, ya kutompa mutu simu yako ndani ya basi, sitakuandikia. Hayo nimesema mpaka ukanijibu, "Mama, inatosha," na ulisema kweli. Mjomba wako Deo anakungoja Kampala, na mdomo wake unazidi wangu, atakuambia yote yaliyobaki. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka mitano na nimeshindwa kulitoa mbele ya macho yako. Leo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama unataka chai. Mara ya pili nikakugombeza juu ya viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa safi.

Jambo ni hili: klaveti ya Ng'ombe, kile kichuma kidogo, hukuipoteza wewe. Niliichukua mimi.

Basi, nimeandika. Nikiachia hapa utanifikiria vibaya kuliko nilivyo, au vizuri kuliko nilivyo, kwa hiyo acha nianzie mbali.

Unajua nusu ya habari ya Ng'ombe, kwa sababu papa yako alikuwaga anaisimulia akijipendelea. Alipokuja kuniposa kule Masisi, wazee walikubaliana ng'ombe watatu na mbuzi. Wawili walifika. Wa tatu, ndama jike, alikuwa bado anakua kwa binamu yake upande wa Rutshuru, na papa yako akaenda kumchukua. Akakaa siku nne. Siku ya tano tukamwona anapanda kilima bila ndama, anasukuma chuma chekundu chenye matairi mawili yaliyokufa. Hakina taa, hakina pa kukalisha abiria, hakina hata pa kufungia mfuko wa viazi. Moto ya cross, pikipiki ya kurukia. Mtoto wa mwenye shamba la kahawa alikuwa akiruka nayo vilima, miaka ile ya Zaire, kisha wenyewe wakaondoka, ikabaki ndani ya hangari chini ya magunia. Papa yako aliiona, akili ikamtoka, akatoa ndama wa mahari yangu apewe hiyo.

Baba yangu alitoka nje, akaizunguka pole pole, akainama, akaangalia chini ya tumbo lake. Akauliza, "Hii inakamuliwa upande gani?"

Ee Mungu! Watu walicheka mpaka wazee wa posa wakaweka vikombe chini. Mimi nilikuwa jikoni nalia kwa hasira, halafu nikacheka pia, na jina likabaki hapo. Ndama papa yako alimlipa, usiseme hakulipa, lakini wewe ulikuwa tayari mgongoni mwangu siku alipomfikisha.

Nilimwona akiiwasha mara moja tu. Ulikuwa na miaka mitatu, huwezi kukumbuka. Alikuja nayo mpaka nyuma ya kanisa, pale penye lundo la mawe ya volkano, akaliruka, akaanguka upande wa pili. Nilikimbia huku napiga kelele. Nilimkuta amekaa chini, suruali imepasuka goti, anacheka peke yake. Baadaye moteri ilikufa ndani, vipuri havikupatikana, akaifunika bashi la turubai nyuma ya nyumba. "Byamungu akikua, tutaifufua pamoja," ndivyo alivyosema. Alisema hivyo mara nyingi, mpaka nikawa nachoka kusikia.

Kilichotokea barabara ya Kibati unakijua. Alikuwa kwenye moto ya kazi, ile ya takisi, anashuka na mteja na mfuko wa makala ya kupikia, na lori likakosa fre, halikuweza kusimama. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Siku ile walipomleta nyumbani, kabla hata sijavaa kitambaa cha msiba, niliapa ndani ya moyo kwamba mutoto wangu hatapanda moto. Sikumwambia mutu. Wewe uliona tu kwamba wenzako wanaenda shule watatu juu ya moto moja, na wewe unatembea kwa mguu kutoka Katoyi, mvua inyeshe isinyeshe. Ulikuwa unaingia na matope mpaka magotini na hukuuliza. Ningependa ungeuliza, labda ningelazimika kufikiri.

Halafu ukafika miaka kumi na minne, ukatoa lile bashi.

Nilikuwa nachambua maharagwe uani. Ulikuja ukasimama mbele yangu na mikono nyuma, kama papa yako alivyokuwa akisimama akitaka kitu, na ukasema, "Mama, mimi sitaki kuipanda. Nataka tu iwake." Ningekataa vipi? Mutoto wa marehemu anakuomba chuma cha baba yake, utasema hapana kwa mdomo gani? Nikasema sawa. Niliona hata sabuni utaishiwa kabla ya kutoa ile kutu.

Lakini hukuishiwa. Ulimfuata muzee Kambale, fundi wa pale kona, ukamfagilia gareji wiki mbili bila kumwomba kitu, mpaka akakuuliza mwenyewe, "Wewe mutoto, unatafuta nini kwangu?" Akawa anakuja hapa jioni baada ya kazi. Nikawapikia. Mimi moteri siijui, lakini masikio ninayo, na nilikuwa nasikia kila kitu kupitia dirisha la jikoni. Ulitandaza shuka la zamani chini ya hangari ya nyuma ya nyumba, ukapanga kila kipande kwa mstari, na chini ya kila kipande karatasi yenye jina kwa mwandiko wako. Silindere, pistoni, buji. Uliosha karabirateri kwa mswaki wangu, unafikiri sikujua? Nilijua, nilinunua mwingine nikanyamaza. Rangi ilianza kurudi. Asubuhi moja nilipita na ndoo nikaiona, nyekundu, nusu imefungwa nusu imefunguliwa, nikaweka ndoo chini. Kumbe huyu mutoto ataweza.

Jioni ile ile muzee Kambale alikuonyesha kile kipande. Kidogo kuliko ukucha, umbo la nusu ya mwezi. Nilimsikia vizuri. "Hii ni klaveti," alisema. "Inashika volan, lile gurudumu la pembeni, lisiteleze. Hii kidogo ndiyo inashika wakati wa cheche. Ikikosa, hata ukiweka mafuta yote ya Goma, haiwaki."

Kesho yake ulienda shule. Nilienda kwenye shuka, nikaichukua juu ya karatasi yake, na karatasi nikaipeperusha chini ya meza ili ionekane ni upepo. Nilichagua hiyo kwa sababu ilikuwa ndogo. Niliwaza, kitu kidogo hivi hakiwezi kuumiza mutu. Nikaiweka ndani ya kopo la mbegu, lile la juu ya kabati, la maharagwe ya shamba la babu yako Masisi, tunayongoja kurudi kupanda siku kutakapotulia. Nilijua hakuna mutu atakayepika mbegu.

Uliporudi, ulitafuta siku tatu. Hapa ndipo mkono wangu unakataa kuandika, lakini nitaandika. Ulisema labda imeanguka uani, ndani ya ule mchanga mweusi na vijiwe. Ukaniomba chekeche yangu ya unga. Na mimi, mama yako, nilikupa. Ulichekecha uani wote, kuanzia mlangoni mpaka kwenye ukuta, konzi kwa konzi, vumbi limekujaa mpaka ndani ya kope. Siku ya pili niliinama nikatafuta pamoja na wewe. Nilikuwa nasema, "Angalia hapa pia." Siku ya tatu ulikaa chini ukasema, "Mama, nimeipoteza kitu ya papa," na ukalia, na nikakushika kichwa, na hata hapo sikusema.

Juu ya nini sikusema? Nimejiuliza sana. Woga, ndiyo, woga ulikuwepo. Lakini kulikuwa na kingine pia, na leo sitajifichaficha. Kila siku Ng'ombe ilipokosa kuwaka, wewe ulikuwa nyumbani. Nilikuwa nakusikia unapiga filimbi, unagonga gonga, unaomba ufunguo namba kumi kwa muzee. Vijana wengine wa mtaa walikuwa wameanza kupotelea huko na huko, na wangu nilikuwa namwona kupitia dirisha la jikoni. Nilipenda vile. Nilitaka utengeneze ile moto maisha yako yote na usiimalize.

Unakumbuka mwaka wa volkano, tulipokimbilia Sake? Kila mutu kabeba godoro, wewe unasukuma Ng'ombe. Nilikugombeza njia nzima. "Tumeacha masufuria, wewe unabeba chuma kibovu!" Ukajibu, "Masufuria yananunuliwa, mama." Watu walikuwa wanacheka katikati ya ile shida. Lakini mimi nilikuwa nageuka nyuma kila dakika kuangalia lile anga jekundu, na nitakuambia nilichoomba. Niliomba ule moto wa volkano ufike Katoyi, umeze nyumba yetu yote na lile kopo ndani yake, ili jambo liishe bila mimi kulisema. Mama gani anaomba hivyo? Tulirudi, nyumba imesimama, kopo liko juu ya kabati. Hata vumbi halikuwa limeongezeka.

Na bado sikuitupa, Bya. Ningeweza kuitupa ziwani siku yoyote. Kila baada ya miezi michache nilikuwa naitoa, naifuta, naipaka vazelini isishike kutu, naifunga ndani ya kitambaa, nairudisha. Kwa sababu ilikuwa ya papa yako. Na kwa sababu nilikuwa najiambia, nitampa akifika miaka kumi na sita. Halafu kumi na saba. Halafu akimaliza shule.

Wewe hukungoja. Ulichukua msumari mnene, ukaanza kuupiga tupa ili utengeneze klaveti yako mwenyewe. Wiki nzima nilisikia ile sauti, kruu kruu, mpaka ndani ya usingizi. Muzee alipoishika kwenye mwanga alisema, "Eh! Imekaa vizuri." Nilisikia fahari kubwa, na hofu kubwa, zote pamoja, nikaacha ugali ukaungua.

Jumamosi ile mlifunga kila kitu. Mkachanganya mafuta, mkaweka. Ulisimama juu ya Ng'ombe na miguu yako mirefu, ukapiga ile pedali ya kuwashia. Ikakohoa. Ukapiga tena, ikakohoa kwa nguvu zaidi, muzee akapiga makofi. Mara ya tatu ile klaveti ya msumari ikakatika ndani, cheche ikaja wakati si wake, na pedali ikarudi juu kwa nguvu zote ikakukuta mguu ukiwa bado unashuka. Nilisikia mfupa ukivunjika, mimi niko jikoni.

Majirani walisema Ng'ombe imempiga teke. Walisema hivyo wakicheka, wakati plasta ilikuwa haijakauka. Nami nilicheka nao, ningefanya nini?

Jumatatu ile egzetati ilikuwa inaanza. Miaka sita ya sekondari, na mtihani uko ng'ambo ya mji. Ulivaa shati jeupe, ukajikalisha mlangoni na magongo ya kuazima. Muzee Kambale akaja na kijana wa takisi. "Mama Bya, tumuweke katikati, mimi nyuma namshika. Dakika kumi, pole pole."

Nikasema mutoto wangu hapandi moto.

"Mama," ulisema, "mara moja tu."

Nikasema nitatafuta gari. Nikakimbia mtaa mzima. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amesafiri. Wa pili, tairi haina upepo. Nilipopata wa tatu, na tukafika, lango lilikuwa limefungwa, na yule wa langoni hakutaka hata kuangalia plasta yako. Ulirudi nyumbani ukavua lile shati mwenyewe, kifungo kwa kifungo, hukuniita nikusaidie. Mwaka uliofuata vita ilikuwa imeingia mjini, na habari ya shule ikafa yenyewe.

Bibi yako alikuwaga na neno: mwana akililia wembe, mpe. Nilikuwa nauona ni usemi wa watu wasio na huruma. Mimi nilikunyima wembe, Bya, halafu nikakukata kwa mkono wangu mwenyewe, mara mbili ndani ya siku tatu.

Lakini mguu umepona, unachechemea kidogo tu siku za baridi. Na mtihani, watu wengi wanaishi bila karatasi hiyo. Kinachoniamsha si hivyo. Ni lile neno ulilosema siku ulipotolewa plasta. Ulienda nyuma ya nyumba, ukaangalia Ng'ombe, ukaivuta bashi juu yake, ukaingia ndani ukanawa mikono muda mrefu. Ukasema bila hasira, kama mutu anayesema mvua imenyesha, "Mimi sina mikono ya papa."

Nilikuwa naosha sahani. Kopo lilikuwa juu ya kichwa changu, hapo hapo, ningenyoosha mkono tu.

Toka siku ile hukushika hata bisibisi. Kitasa cha mlango kilipoharibika ulisema tuite fundi. Mwezi uliopita mjomba Deo akapiga simu, akasema jirani yake Kampala ana gareji kubwa, anachukua vijana, anawafundisha, anawalisha. Nilikuangalia usoni. Ulisema, "Mjomba, nitafutie kubeba mizigo depo. Kwenye moteri mimi ni muharibifu." Na Deo akasema sawa, depo ipo. Kesho unaenda kubeba marobota ya vitambaa vya watu kwa mgongo, kwa sababu ya uongo wangu. Nilifikiri nilikuficha moto moja. Sikujua nilikuwa nakuficha wewe mwenyewe.

Na siwezi kukuzuia usiende. Mji huu siku hizi hauna nafasi ya kijana wa miaka kumi na tisa anayetembea barabarani, tunajua wote wanakopelekwa, hatusemi. Nisingekuwa na woga ule wa kwanza, labda huu wa sasa ningejua namna ya kuubeba. Nimekulinda na moto kwa miaka yote hii, na hatari imekuja kwa njia ambayo sikuwa hata naiangalia.

Leo mchana, ulipoenda kuaga wenzako wa kwaya, nilishusha kopo. Fukusi wamekula zile mbegu, Bya. Kila moja ina tundu. Zote zimekuwa unga, hakuna ya kupanda tena. Katikati ya ule unga, kitambaa changu, na ndani yake klaveti inang'aa kwa vazelini. Nikaifunga ndani ya pindo la kitenge, nikaenda kwa muzee Kambale.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alikuwa ameshika chai. Hakunywa tena. Aliweka kikombe chini, akasema, "Mama Bya, mimi nimejilaumu mwaka mzima. Nilidhani nilimfundisha vibaya mutoto wa watu." Sikuwa nimewaza hilo. Nilimwibia yeye pia. Nikasema nisamehe muzee, akasema tuende nyumbani, hakusema amenisamehe.

Alitoa bashi, akafungua Ng'ombe, akaangalia ndani kwa muda mrefu na taa yake ndogo. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono kichwani kama mutu anayengoja daktari atoke. Alitoa vipande vya klaveti yako ya msumari, viwili, akavipanga kwenye kiganja, akaweka ile ya zamani pembeni. Akaniita nione.

"Angalia urefu. Angalia hii mviringo. Ni sawa sawa, kwa tupa ya mkono na kwa jicho tu, bila mfano wa kuangalia. Mimi kwa miaka arobaini ya kazi nisingeifanya hivi. Chuma ya msumari ndiyo laini, ilikatika. Mikono ilikuwa mizuri."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno.

Kila kitu kingine ulichofunga, alisema, hakukigusa kwa sababu hakikuhitaji kuguswa. Aliweka klaveti, akafunga volan, akabadilisha mafuta yaliyooza, akafuta mikono. Nikamwambia, piga basi tusikie. Akakataa. "Si yangu ya kuwasha. Na si yako." Nikamuuliza, itawaka? Akasema, "Mama Bya, siwezi kukuapia. Imekaa muda mrefu." Akaenda zake. Muda huo huo ukarudi kutoka kwaya, nami nikakugombeza juu ya viatu.

Kwa hiyo sijui. Ningependa barua hii iwe na kitu cha hakika cha kukupa, na sina. Kesho asubuhi, kabla ya basi ya mpakani Bunagana, barua utaikuta juu ya begi. Isome yote. Halafu pita nyuma ya nyumba. Bashi nitakuwa nimelitoa, nitakuwa nimesimama hapo, na kwa mara ya kwanza sitakuwa na la kusema. Siku hizi kitu kinachopiga kelele mjini kinaweza kujipatia mwenye mpya aliyeshika bunduki, najua, lakini kesho wakisikia, wasikie.

Ikikataa kuwaka, utabaki na neno la muzee Kambale, na neno la mama yako aliyekudanganya miaka mitano. Langu ni jepesi sana, ninajua. Shika la muzee. Vile vipande viwili vya msumari viko ndani ya bahasha hii, nimevifunga na kitambaa kile kile. Ukifika Kampala, kabla hujabeba robota hata moja, mwonyeshe yule mwenye gareji. Usiseme neno, mwonyeshe tu.

Ikiwaka, na ukaniambia nipande nyuma yako mpaka kwenye basi, nitapanda, hata kama haina pa kukalisha abiria. Nitafunga macho, nitakushika mpaka nikuumize mbavu, lakini nitapanda. Na ukibeba begi yako ukapita bila kuniangalia, nitaelewa. Nitaifunika Ng'ombe, nitaingia ndani.

Ila usipite bila kuipiga pedali, Bya. Hata mara moja. Kwa mguu ule ule.

Mama yako